Mwongozo kamili wa kuchambua mbale ya shaba na kupima inavyosagika

Cheti cha maabara kinachosema "shaba asilimia 1.2" peke yake hakitoshi kuamulia lolote. Mbale mbili zinaweza kuwa na asilimia hiyohiyo, moja ikatoa karibu shaba yake yote kwenye povu (mapovu ya hewa yanayonyanyua punje za shaba zikaelea juu ya tope) baada ya kusagwa kiasi, na nyingine ikagoma hata ukiifanya unga laini, kwa kuwa shaba yake haimo kwenye salfaidi, yaani madini ambamo shaba imeungana na salfa. Swali la kweli ni hili: mbale hii isagwe hadi wapi ndipo shaba iachane na mwamba, na kufika huko kunakula umeme kiasi gani? Jibu lake linatoka pande mbili, muundo wa mbale na kinu. Tatizo ni kwamba pande hizo mara nyingi hupimwa kwa sampuli tofauti na watu tofauti, kisha majibu yasipokutana lawama huangukia mtambo. Hapa tutatumia sampuli moja toka mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Sampuli

Kabla ya kuokota jiwe lolote, tenganisha kanda. Sehemu ya juu ya mwamba, iliyokwisha kuliwa na hewa na maji, huwa na madini ya kijani na ya buluu. Chini yake huweza kuwapo tabaka lililorutubishwa lenye kalkosaiti. Chini zaidi ndiko kuliko na salfaidi za asili, hasa kalkopairiti. Kila kanda ni mbale yake. Ukizichanganya kwenye gunia moja utapata wastani wa kitu ambacho hakipo popote mgodini, na kinu hakitakilisha wastani huo hata siku moja.

Kiasi cha sampuli huamuliwa na ukubwa wa mawe, hakiamuliwi na ukubwa wa gari ulilo nalo. Pierre Gy, Mfaransa aliyejenga nadharia ya uchukuaji sampuli, alionyesha kuwa uzito unaohitajika kwa usahihi uleule hupanda kwa kipeo cha tatu cha ukubwa wa punje kubwa. Punje zikiwa kubwa mara 2, uzito unatakiwa mara 8. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni fupi: vunja kwanza, gawa baadaye. Usichote konzi ya mawe ya sentimita 5 ukaiita sampuli.

Kwa vipimo vyote vilivyomo humu, andaa kilo 30 hadi 40 kwa kila kanda baada ya kuvunja. Vunja kwa hatua hadi yote ipite chekeche la milimita 3.35. Kila mara chekecha kwanza, kisha kilichobaki juu tu ndicho kirudi kwenye krasha. Ukirudisha kila kitu, unatengeneza vumbi jingi ambalo kinu halisi hakitalipokea, na vipimo vya usagaji vitaonyesha mbale laini kuliko ilivyo. Gawa kwa kigawanya sampuli chenye vichirizi. Kama huna, fanya kichuguu, kibonyeze, kigawe robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia. Kuchota kwa beleshi kutoka pembeni mwa rundo hakukubaliki, maana punje kubwa huviringikia chini na laini hubaki katikati.

Kausha kwa joto la chini, nyuzi 60 au pungufu, hasa ukiwa na salfaidi. Joto kali huzichakaza nyuso za punje na kuharibu majaribio ya povu yatakayofuata. Vaa barakoa ya vumbi yenye kichujio cha kweli, kwa kuwa vumbi la kwatsi huharibu mapafu polepole na uharibifu wake haurudi nyuma.

Hatua ya 2: Jicho, kisu na tone la asidi

Hatua hii hudharauliwa kwa sababu haina mashine. Mimi naona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa gharama yake. Osha vipande ishirini hivi, viangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10 penye mwanga wa jua.

Kalkopairiti ina njano ya shaba nyeupe, hukwaruzika kwa kisu, na ukiisugua kwenye kigae kisichong'arishwa huacha mstari mweusi wenye ukijani. Pairiti inafanana nayo lakini ni njano iliyopauka, mara nyingi ina sura ya mchemraba, na kisu hakiikwaruzi. Bonaiti iliyokaa hewani hubadilika kuwa na rangi za zambarau na buluu. Kalkosaiti ni kijivu cha giza, kovelaiti ni nili. Malakaiti ni kijani na hutoa mapovu ukiidondoshea asidi hafifu ya haidrokloriki. Azuraiti ni buluu na nayo hutoa mapovu. Krisokola ina kijani chenye ubuluu, haitoi mapovu, na ni ya kuogopwa kidogo: karibu haishiki kabisa kwenye uchenjuaji wa kawaida wa povu.

Dondoshea asidi mwamba wenyewe pia. Ukitoa mapovu kila mahali, una kaboneti nyingi, na mbale hiyo itakunywa asidi nyingi endapo utafikiria kuiyeyusha badala ya kuielesha. Angalia vilevile udongo mfinyanzi na talki. Hivyo viwili havionekani vibaya kwenye cheti cha shaba, lakini hulifanya tope la kinu kuwa zito na kuchafua povu.

Hatua ya 3: Vipimo vya maabara, na hesabu ya kuvifasiri

Omba vitu vinne kwa uchache: shaba yote, shaba kwa mfuatano wa vimumunyisho, chuma, na salfa ya salfaidi. Ongeza aseniki, kwa sababu viwanda vya kuyeyusha shaba hutoza faini makinikia (unga wenye shaba nyingi uliotolewa na povu) yenye aseniki nyingi, na ni heri kuijua leo.

Shaba yote hupatikana kwa kuyeyusha unga kwa mchanganyiko wa asidi nne na kusoma kwa mashine ya ufyonzaji wa atomu katika wimbi la nanomita 324.8, au kwa mashine ya plazima. Mmojawapo wa asidi hizo ni haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kushambulia hadi mfupa. Usiifanyie nyumbani wala kwenye kibanda cha mgodi, peleka maabara. Maabara ndogo isiyo na mashine bado inaweza kufanya kazi nzuri kwa taitresheni ya iodidi: shaba huachilia iodini, nayo iodini hupimwa kwa thaiosalfeti huku wanga ukionyesha mwisho. Mililita 1 ya thaiosalfeti ya nomali 0.1 ni miligramu 6.35 za shaba. Chuma huvuruga kipimo hiki, hivyo lazima kifungwe kwanza kwa floridi.

Mashine ya mkononi ya eksirei ni ya kuchagua mawe, si ya kufungia hesabu. Husoma uso tu, na ukubwa wa punje na unyevu huipotosha. Mashine ya eksirei inayotambua fuwele nayo ina mpaka: madini yaliyo chini ya asilimia 1 au 2 yanaweza yasionekane, na kwenye mbale ya shaba ya kawaida hayo ndiyo unayoyatafuta. Itumie kujua mwamba: kwatsi, felispa, mika, udongo.

Kipimo cha mfuatano ndicho kiini. Unga huoshwa kwanza kwa asidi hafifu ya sulfuriki, na shaba ya malakaiti, azuraiti na sehemu kubwa ya oksaidi hutoka; yote hiyo kwa pamoja tutaiita shaba ya oksaidi. Mabaki huoshwa kwa maji safi kabisa, kisha kwa sayanaidi, ambayo huchukua kalkosaiti, kovelaiti na sehemu kubwa ya bonaiti. Kinachobaki ni kalkopairiti kwa sehemu kubwa. Neno "safi kabisa" hapo si pambo: asidi ikikutana na sayanaidi hutoka gesi inayoua ndani ya dakika chache. Kazi hii ni ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa na watu waliofunzwa.

Chukua mfano wa hesabu. Shaba yote ni asilimia 1.20: ya asidi 0.30, ya sayanaidi 0.15, iliyobaki 0.75. Salfa ya salfaidi ni 2.40. Kalkopairiti ina shaba asilimia 34.6 na salfa 34.9, basi 0.75 ÷ 0.346 inatoa kalkopairiti asilimia 2.17, nayo imebeba salfa 0.76. Kalkosaiti ina shaba asilimia 79.9, kwa hiyo 0.15 ÷ 0.799 ni asilimia 0.19, na salfa yake ni 0.04. Salfa iliyobaki bila mwenyewe ni 1.60. Ipe pairiti, yenye salfa asilimia 53.4: unapata pairiti asilimia 3.0. Malakaiti ina shaba 57.5, kwa hiyo 0.30 ÷ 0.575 ni 0.52.

Sasa cheti kimeanza kusema. Robo ya shaba iko kwenye oksaidi na haitafuata povu la salfaidi bila matibabu maalumu. Pairiti inaizidi kalkopairiti, hivyo makinikia yatahitaji chokaa ya kutosha kuizuia pairiti isipande na povu. Hesabu hii ina kasoro zake: kalkosaiti kidogo huyeyuka kwenye asidi, na shaba tupu ya asili huvuruga mfuatano mzima. Ikipingana na ulichokiona kwa lenzi, amini lenzi kwanza, rudia kipimo.

Tia pia kwenye kila kundi la sampuli nakala moja iliyofichwa namba, unga mmoja usio na shaba, na sampuli moja ya rejea yenye thamani inayojulikana. Bila hivyo huna namna ya kujua maabara imekosea.

Hatua ya 4: Saga kwa muda tofauti

Hapa unatafuta mwendo wa usagaji. Chukua mafungu manne ya kilo 1 yaliyogawanywa vizuri. Fungu moja halisagwi. Mengine yasagwe kwenye kinu kidogo cha gololi kwa dakika 10, 20 na 30, yabisi ikiwa asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa tope. Gololi zilezile, maji yaleyale, mwendo uleule. Mwendo wa kinu uwe asilimia 65 hadi 80 ya mwendo wa kikomo, yaani ule ambao gololi zingeganda ukutani bila kudondoka:

mizunguko kwa dakika = 42.3 ÷ √(D − d)

D ni kipenyo cha ndani cha kinu na d ni cha gololi, vyote kwa mita.

Baada ya kusaga, osha kila fungu juu ya chekeche la maikroni 75 (milimita 0.075) kwa maji hadi maji yatoke meupe, kausha vilivyobaki, kisha chekecha vikavu kwa mfululizo wa vyekeche. Kuchekecha bila kuosha kwanza hudanganya, kwa kuwa vumbi hung'ang'ania punje kubwa. Jumla ya uzito wa mafungu madogo isipotofautiana na uzito wa mwanzo kwa zaidi ya asilimia 1, endelea. Ikizidi, tafuta kilipomwagika.

Tuseme juu ya maikroni 75 vilibaki asilimia 90 kabla ya kusaga, kisha 60, 40 na 27. Chora logi asilia (ln) ya asilimia hizo dhidi ya dakika. Zinalala karibu kwenye mstari mmoja, kwa kasi ya takriban 0.04 kwa dakika: kila dakika moja huvunja kama asilimia 4 ya punje kubwa zilizopo wakati huo. Mstari ukiwa umenyooka, mbale ina tabia moja. Ukianza kujikunja na kulala, kuna mambo mawili ya kushuku. Huenda kuna sehemu ngumu, kwatsi mara nyingi, inayobaki nyuma wakati laini zimekwisha. Au tope limekuwa zito kwa udongo na gololi zinapiga tope hilo kama godoro badala ya mwamba. Ongeza maji na urudie dakika 30. Mstari ukinyooka, ilikuwa tope.

Hatua ya 5: Pima shaba katika kila ukubwa

Hatua hii ndiyo huunganisha muundo na kinu, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Chukua fungu la dakika 20, peleka kila ukubwa maabara peke yake. Mfano, ukubwa kwa maikroni:

Juu ya 150: uzito 12%, shaba 0.65
150 hadi 75: uzito 28%, shaba 0.95
75 hadi 38: uzito 25%, shaba 1.50
Chini ya 38: uzito 35%, shaba 1.39

Zidisha uzito kwa shaba, jumlisha: inatoka 1.21, dhidi ya 1.20 ya sampuli nzima. Hesabu imefunga, basi namba zinaaminika. Shaba imegawanyika hivi: 6.5%, 22.1%, 31.1% na 40.4%.

Ona kinachotokea. Kalkopairiti ina ugumu wa 3.5 hadi 4 kwa kipimo cha Mohs, kwatsi ina 7. Shaba huvunjika mapema na kukimbilia kwenye punje laini. Kwenye mtambo wenye saikloni (chombo kinachozungusha tope ili kutenga punje kubwa na ndogo) hali huwa mbaya zaidi: kalkopairiti ina uzito mahususi kama 4.2 na kwatsi 2.65, kwa hiyo saikloni huidhania punje ndogo ya shaba kuwa kubwa na kuirudisha kinuni isagwe tena. Mwishowe unapata shaba ya chini ya maikroni 10, ambayo mapovu huikamata kwa shida. Kusaga zaidi hakumaanishi kupata zaidi.

Sasa itazame asilimia 28.5 ya shaba iliyo juu ya maikroni 75. Je, imefunguka au imefungwa ndani ya mwamba? Gandisha punje hizo kwenye gundi ngumu, zing'arishe, zihesabu chini ya hadubini: zilizo huru, zilizoshikana na kwatsi, zilizoshikana na pairiti, zilizozungukwa kabisa. Punje mia tatu au mia nne zenye shaba zinatosha kupata picha. Ukiwa na uwezo wa kutumia hadubini ya elektroni inayopanga madini yenyewe, vizuri, ila hadubini ya kawaida na macho mavumilivu hujibu swali hili hili.

Njia ya bei nafuu ni kimiminika kizito cha sodiamu politangisteti chenye uzito mahususi 2.9. Shaba inayoelea pamoja na kwatsi imefungwa. Lakini iliyozama usiiite imefunguka: punje ya kwatsi yenye kalkopairiti ya sehemu moja tu kati ya sita kwa ujazo inatosha kuzama. Bromofomu ilitumika zamani kwa kazi hii. Ni sumu, iache.

Hatua ya 6: Kipimo cha Bond

Fred Bond aliitoa kanuni yake mwaka 1952, na hadi leo ndiyo lugha wanayoongea wauza vinu na wasanifu wa mitambo. Inasema nishati ya kusaga, kwa kilowati-saa kwa tani, ni:

W = 10 × Wi × (1/√P80 − 1/√F80)

F80 ni tundu linalopitisha asilimia 80 ya uzito wa mbale inayoingia, P80 ni hilohilo kwa inayotoka, kwa maikroni. Wi ndiyo ugumu wa mbale.

Kinu cha kipimo hiki kina vipimo maalumu: kipenyo na urefu milimita 305, mizunguko 70 kwa dakika, gololi 285 zenye uzito wa kilo 20.1 hivi. Husaga mbale kavu. Pima sentimita za ujazo 700 za mbale iliyopita milimita 3.35 na kushindiliwa, ipime uzito, tuseme gramu 1,190. Gawa kwa 3.5: gramu 340 ndizo unazotaka zitoke kila duru (kusaga na kuchekecha mara moja), ili kinachorudi kinuni kiwe asilimia 250 ya kinachotoka. Chagua chekeche la kufungia (linaloamua kipi kimetoka na kipi kirudi kinuni) lililo kubwa kuliko P80 unayolenga kwa takriban mara 1.4; ukilenga 75, tumia 106.

Duru ya kwanza zungusha mara 100. Chekecha, pima kilichopita, toa kile ambacho kilikuwa tayari laini kwenye mbale mpya, gawa kwa mizunguko. Hiyo ni gramu kwa mzunguko. Rudisha kilichobaki juu, jazia mbale mpya yenye uzito sawa na kilichotoka, na kokotoa mizunguko ya duru inayofuata. Kama mbale mpya ina asilimia 10 ya laini na kinu kinatoa gramu 1.50 kwa mzunguko, basi (340 − 34) ÷ 1.50 ni mizunguko 204. Endelea hadi duru tatu za mwisho zitofautiane kwa chini ya asilimia 3. Kwa kawaida huchukua duru saba au zaidi, na mtu akikuletea jibu la duru tatu, mrudishe.

Mwisho:

Wi = 49.1 ÷ [P1^0.23 × G^0.82 × (10/√P80 − 10/√F80)]

P1 ni tundu la chekeche la kufungia, G ni wastani wa gramu kwa mzunguko. Kwa P1 ya 106, G ya 1.50, P80 ya 80 na F80 ya 2,400, Wi inakuwa 13.2. Hiyo ni mbale ya shaba ya ugumu wa wastani.

Usipokuwa na kinu hicho, tumia ulinganisho. Tafuta mbale ambayo Wi yake imeshapimwa, isage kwa muda uleule, kwenye kinu kilekile na uzito uleule kama yako. Nishati ni sawa, kwa hiyo Wi yako ni ile ya rejea mara (10/√P − 10/√F) ya rejea, kugawa kwa ile ya kwako. Rejea ya Wi 12.0 ikitoka 1,700 hadi 120, na yako ikatoka 1,750 hadi 135, yako ni 12.9. Ni makadirio, si cheti, lakini kwa kulinganisha kanda za mgodi mmoja yanafaa sana.

Hatua ya 7: Kuamua ukubwa wa kusaga

Rudi kwenye kanuni ya Bond na Wi ya 13.2, F80 ya 2,400. Kusaga hadi P80 ya 150 kunataka kilowati-saa 8.1 kwa tani. Hadi 106, 10.1. Hadi 75, 12.5. Kutoka 150 kwenda 75 umeongeza umeme kwa zaidi ya nusu, na bado hujaingiza gololi na sahani za kinu zinazolika.

Sasa weka karatasi ya hadubini pembeni. Kama shaba ya punje kubwa iko huru kwa sehemu kubwa, ishia 150 au karibu yake, na pesa ya umeme uiweke kwenye muda wa povu. Kama imezungukwa kabisa na kwatsi, huna budi kushuka. Fanya jaribio la povu katika P80 hizo tatu na ulipe kila kilowati-saa ya ziada kwa shaba iliyoongezeka, baada ya kutoa ile ya oksaidi ambayo hakuna usagaji utakaoiokoa. Katika mfano wetu dari ni robo tatu tu ya shaba yote, na anayekuahidi asilimia 90 kwa kusaga peke yake hajasoma hatua ya 3.

Mara nyingi jibu huwa la katikati: punje zimeshikana, lakini upande mmoja wa shaba uko wazi. Punje hizo hukamatwa na povu hata zikiwa kubwa. Saga mbale yote kiasi, elesha, tupa mwamba mwingi, kisha saga upya makinikia ghafi peke yake hadi laini kabla ya kuyasafisha. Unasaga laini sehemu ndogo ya tani badala ya tani nzima. Ila nishati ya usagaji huo wa pili usiikokotoe kwa Wi ya 13.2: madini hayo si mwamba uleule tena, na kanuni ya Bond hupungukiwa inapoingia kwenye punje laini sana. Saga makinikia ghafi kwenye kinu kidogo chenye mita ya umeme, na uisome namba yake moja kwa moja.